Kamera Iliondoka Kabla ya Hesabu



Mwezi uliopita, jioni ya Jumamosi, tulikaa watu 9 katika chumba kimoja huko Nyamirambo tukaangalia sinema ya wanamuziki wa Kinshasa wanaoitwa Staff Benda Bilili. Si sinema mpya. Ilitengenezwa na Wafaransa wawili, Renaud Barret na Florent de La Tullaye, na ikaonyeshwa huko Cannes mwaka 2010. Lakini kati yetu sisi 9, watano ni wapigaji wa muziki wa harusi na wa mahoteli, na wote walikuwa hawajapata kuiona. Ilipokwisha, wenzangu walipiga makofi. Mzee mmoja mpiga tarumbeta alifuta machozi kwa kiganja cha mkono. Mimi nilibaki kimya, na waliponiuliza nina nini nikajibu kwamba sinema hii imekatwa mahali pabaya. Tukabishana hadi saa 5 usiku. Haya ninayoyaandika ni ubishi ule ule, ila sasa hakuna wa kunikatiza.

Kwa wale ambao hawajaiona, nieleze kwa ufupi. Katika mji wa Kinshasa, kandokando ya bustani ya wanyama, kuna kundi la wanamuziki ambao wengi wao walipooza miguu kwa ugonjwa wa polio tangu utotoni. Wanakwenda kwa baiskeli za magurudumu 3 zilizoundwa kwa ufundi wa pale pale mjini. Kiongozi wao ni Ricky Likabu, mtu mwenye sauti ya kuamrisha na kofia isiyomtoka kichwani. Pembeni yake yuko Coco Ngambali, mtunzi na mwimbaji, ambaye nyimbo zake nyingi ni za mtu anayejua ardhi ya barabarani ina baridi gani usiku. Jina la kundi, kwa Kilingala, ni kama kumwambia mtu atazame yaliyo nyuma ya sura. Kisha anakuja mtoto wa mtaani, Roger Landu, na chombo chake alichokiunda mwenyewe kwa kopo, kijiti kilichopindwa na waya mmoja. Anakiita satonge. Wazee wa kundi wanamchukua, wanamfunza, wanamkemea, na mbele ya macho yetu mtoto anakuwa kijana. Watengenezaji sinema waliwafuata kwa muda wa miaka 5 hivi.

Miaka 5 hiyo haikuwa ya kuimba tu. Kazi ya kurekodi ilianza, kisha moto ukateketeza makazi ya walemavu ambamo baadhi yao walikuwa wakiishi, na kila kitu kikasimama. Mtu ambaye kitanda chake kimeungua hawezi kuja kuimba kesho yake asubuhi ati kwa sababu mashine iko tayari. Baadaye ndipo akaja Mbelgiji mmoja, Vincent Kenis, fundi wa sauti aliyekwisha kujulikana kwa kazi yake na Konono No. 1, akawarekodi nje, mle mle katika bustani ya wanyama, kwa kompyuta ya mkononi na vinasa sauti visivyozidi kama 12, umeme ukivutwa kwa waya wa mita 100 kutoka kwenye baa moja iliyoachwa. Ukisikiliza kwa makini unawasikia hata vyura. Sahani hiyo ikatoka mwaka 2009 kwa jina la Très Très Fort, chini ya kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji. Mwaka huo huo wakapanda jukwaa la Belfort nchini Ufaransa, wakapata tuzo ya WOMEX, na sinema inafunga pazia watu wa Ulaya wakiruka na kushangilia.

Mimi nasema pazia lilifungwa kazi ikiwa ndiyo kwanza inaanza.

Fikirini, ndugu zangu. Mtu anapopiga gitaa chini ya mwembe kwa hiari yake, hana mwajiri, hana saa za kazi, hana mshahara wa kugawana. Anagombana na mwenzake juu ya sauti. Lakini siku anapotia saini karatasi, akapewa tikiti ya ndege na orodha ya miji 20 ya kupigia dansi, siku hiyo amekuwa mfanyakazi, ajue asijue. Kuanzia hapo kuna kiingilio mlangoni, kuna fungu la kampuni ya sahani, kuna fungu la meneja, kuna gharama za hoteli na za gari zinazokatwa kabla, kuna haki ya mtunzi ambayo si sawa na haki ya mpiga ngoma. Ni hapo hasa ndipo kamera ilipozimwa. Tuliyoonyeshwa ni njaa na ushindi. Hatukuonyeshwa hesabu.

Na hesabu zilikuja. Baada ya Belfort walizunguka dunia, Ulaya mara nyingi na hata Japani, wakatoa sahani ya pili, Bouger le Monde, mwaka 2012. Mwanzoni mwa 2013 Coco na Theo, ambao ni nguzo za kundi tangu mwanzo, wakajitoa, na safari zilizokuwa zimepangwa zikafutwa. Yaliyosikika hadharani yalihusu pesa na uongozi. Mimi sikuwapo, na wala simhukumu mtu yeyote aliyekuwamo. Lakini mtu aliyeangalia sinema ile na kulia, kisha akasikia habari hizo, alifanya nini? Alitikisa kichwa akasema: wanamuziki bwana, ndivyo walivyo, wakishiba wanagombana.

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nichukue kalamu. Hatusemi hivyo juu ya waashi. Waashi wakigomea mwenye jengo kwa sababu fedha za wiki 3 hazijulikani zilipo, hakuna anayesema ni tabia ya waashi kuwa na vichwa vikali. Tunauliza mkataba uko wapi, nani alishika fedha, nani alitia saini. Kwa nini mpiga solo asiulizwe maswali hayo hayo?

Nataka nitenganishe mambo mawili ambayo watu hupenda kuyachanganya. Kuna ubishi wa sauti na kuna ubishi wa mfuko. Ubishi wa sauti ni chakula cha bendi. Katika sinema ile, utamu wote unatoka hapo: wazee wanataka rumba iende kwa mwendo wao, na kijana ana waya wake mmoja unaolia juu kabisa kama ndege aliyekasirika, na hakuna anayejua bado utakaa wapi katika wimbo. Wanamwambia asubiri, asiingie kila mahali. Anaingia. Wanamkemea. Siku moja anaingia mahali pake na kila mtu anajua, hata mpishi wa jirani angejua. Hakuna meneja aliyeamua jambo hilo wala kampuni iliyolilipia. Huo ni ubishi wa kazi, kama mafundi seremala wawili wanavyobishana juu ya kiungo cha mlango, na bendi isiyokuwa nao ni bora ikapige kaseti.

Ubishi wa mfuko nao una ujanja mmoja: hujivika nguo za ubishi wa sauti. Hili nalijua kwa mwili wangu.

Nilipiga besi kwa miaka 6 katika bendi ya watu 8 iliyokuwa ikitumbuiza katika hoteli moja hapa Kigali. Hoteli siitaji, na viongozi wetu wa wakati ule siwataji pia. Siku moja katika mazoezi mpiga ngoma wetu alianza kuukimbiza wimbo. Mwimbaji akasimama, akasema mwendo ni wa kasi mno. Mpiga ngoma akasema mwendo ndio huo, vijana wanataka kucheza. Tulipoteza siku 2 nzima kwa jambo hilo. Tukaunda hata kambi, wa mwendo wa pole na wa mwendo wa kasi, na mimi mwenyewe nilitoa hotuba ndefu juu ya besi na miguu ya wachezaji, hotuba ambayo hadi leo naionea haya. Siku ya tatu ndipo ikajulikana kwamba mpiga ngoma alikuwa ameona kwa macho yake mwimbaji akipewa bahasha ya nauli, faranga 3,000 kila usiku, wakati sisi wengine tulirudi Nyamirambo kwa miguu na vyombo begani. Ngoma haikuwa na kasi yoyote. Alikuwa na hasira, na hasira ikashuka mikononi.

Hatukuwa na karatasi. Mkubwa wetu alipatana na hoteli kwa mdomo, akapokea kwa mkono, akagawa kwa kadiri alivyoona. Labda aligawa kwa haki kabisa. Hatukuweza kujua, na ndiyo maana tulimdhania mabaya. Bendi ilikufa mwaka uliofuata. Watu walioipenda wakasema tulishindwa kuelewana katika muziki.

Sasa naona msomaji wa chama anatabasamu na kusema: basi dawa ni kuwaajiri wanamuziki, wapewe mshahara wa mwezi, na tatizo limekwisha. La, ndugu. Jambo hilo limekwisha kujaribiwa, tena na sisi wenyewe wa vyama vya wafanyakazi, na tunapaswa kulisema bila kujipaka mafuta.

Huko Tanzania, mwaka 1964, chama cha wafanyakazi cha NUTA kilianzisha bendi yake, NUTA Jazz. Wazee wetu waliokuwa wakisikiliza redio ya Dar es Salaam usiku wanaikumbuka vizuri, maana mawimbi hayakuuliza mpaka wa Rusumo. Vyombo vilikuwa mali ya chama. Wanamuziki walikuwa waajiriwa wa chama, na mshahara wao ulikuwa wa mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Kwa mpiga muziki wa Afrika wa miaka ile hilo lilikuwa jambo kubwa, na walioliweka wanastahili shukrani. Chama kilipogeuka kuwa JUWATA, bendi ikaitwa JUWATA Jazz. Kilipogeuka tena kuwa OTTU katika miaka ya 1990, bendi ikawa OTTU Jazz. Na leo watu wanaijua kwa jina la mtindo wake, Msondo Ngoma. Miaka 60 si mchezo. Bendi ngapi za matajiri zimefika umri huo?

Lakini mwaka 1978 Muhidin Maalim Gurumo, mwimbaji aliyekuwa pale tangu mwanzo, aliondoka pamoja na wenzake wakaenda kuanzisha Mlimani Park. Na mwaka 1985 huyo huyo Gurumo, pamoja na mpiga gitaa Abel Balthazar, alihamia Orchestra Safari Sound ya tajiri Hugo Kisima, baada ya kuahidiwa maslahi mazuri zaidi. Baadaye alirudi Msondo. Mfanyakazi aliyeajiriwa na chama cha wafanyakazi alitoka kwenda kutafuta maslahi kwingine! Hapo pana somo kwetu, na tusilikwepe. Mshahara ulikuwapo, lakini gitaa halikuwa la mpiga gitaa. Wimbo ukirekodiwa studio za Radio Tanzania, mpigaji alipokea malipo madogo ya kurekodi, na utepe ukabaki kuwa mali ya redio. Nchi haikuwa na kiwanda cha kugonga santuri. Zilipelekwa kugongwa Nairobi, na fedha iliyorudi kutoka huko ilipita mikono mingi kabla ya kumfikia mwenye sauti. Mwanamuziki aliyehama alihama na koo lake na vidole vyake tu, basi. Kila kitu kingine alikiacha, hata nyimbo alizotunga.

Kwa upande mwingine, na hapa ndipo yule mzee wa tarumbeta alinishinda katika ubishi wetu, kuhama kule kulizaa muziki mkubwa. Kila kundi jipya lilihitaji mtindo wake ili lisidhaniwe kivuli cha lile la zamani. Mlimani Park wakaleta Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Safari Sound wakaja na Ndekule. Ushindani wa Msondo na Sikinde uliwafanya watu wa Dar es Salaam wagawanyike kama wa timu za mpira. Mzee akaniambia: “Wewe ungewafunga mikataba, wasingehama, na mimi nisingekuwa na nyimbo za kusikiliza uzeeni.” Vivyo hivyo huko Kinshasa: Coco na Theo walipotoka hawakukaa chini kulia, waliunda kundi jipya, Mbongwana Star, jina lenye maana ya mabadiliko, na mwaka 2015 wakatoa sahani iitwayo From Kinshasa ambayo haifanani kabisa na rumba ya bustani ya wanyama. Imejaa vyuma na umeme. Binafsi naipenda kuliko ile ya kwanza, ingawa mke wangu anasema ni kelele za karakana.

Basi nakubali. Kuvunjika kwa bendi si msiba siku zote. Mimi sidai kwamba wanamuziki wafungwe pamoja kama ng'ombe wa jembe. Ninachodai ni kwamba anayetoka atoke na haki yake, na anayebaki asibaki na deni la mwenzake. Gurumo aliimba zaidi ya miaka 50. Mwaka 2013 alipostaafu, kijana Diamond Platnumz alimpa gari, na magazeti yakasifu. Hata mimi nilisifu, kwani kijana alifanya utu. Lakini mfanyakazi wa nusu karne hapaswi kungojea utu wa kijana. Mwaka uliofuata, Aprili 2014, mzee huyo akafariki dunia.

Hapa kwetu mambo yana uchungu wake wa pekee. Wenye umri wangu wanaikumbuka Orchestre Impala, na sauti ya Sebanani André, aliyeuawa mwaka 1994 katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Nyimbo zake zinapigwa hadi leo katika harusi, vijana ambao hawakumwona wanaziimba neno kwa neno. Kila zinapopigwa kwa kiingilio, swali la nani anapata nini lipo, hata kama hakuna anayeliuliza kwa sauti. Sheria inalinda mali ya ubunifu, na haki ya mtunzi haifi pamoja naye. Sheria ipo. Kinachokosekana mara nyingi ni daftari la bendi linaloonyesha nani alitunga, nani alipanga magitaa, nani aliimba siku ile.

Na si haki ya mtunzi peke yake. Sheria ya kazi ya mwaka 2018 inasema mkataba usioandikwa hauwezi kuzidi siku 90 mfululizo. Inampa pia mfanyakazi wa sekta isiyo rasmi haki ya kujiunga na chama. Mpiga kinanda anayekaa miaka 4 katika baa ile ile, kila Ijumaa na Jumamosi, bila hata kipande cha karatasi, yuko upande gani wa sheria hiyo? Na sisi viongozi wa matawi, tunaopita mlango wa baa hiyo kila Ijumaa, wengine tukiingia na kukaa hadi usiku wa manane, ni nani kati yetu aliyekwisha kumwuliza? Tunawapigia makofi, tunawatuza faranga 1,000 kwenye paji la uso, tunatoka. Tunajua majina ya madereva wote wa kampuni zetu, lakini mpiga besi hatumjui jina. Nasema haya na mimi nilikuwa mpiga besi.

Narudi kwenye sinema. Nilimwambia mzee wa tarumbeta kwamba siilaumu kwa kile ilichoonyesha. Wale Wafaransa walikaa na watu hao kwa miaka mingi, wakawa sababu ya sauti yao kufika mbali, na hawakuwaonyesha kama watu wa kuhurumiwa. Ricky hakubali kuhurumiwa hata kwa sekunde moja. Anaendesha kundi kama nahodha. Ninachosema ni kwamba ipo sinema ya pili ambayo haijatengenezwa, ya miaka ile kati ya 2009 na 2013: vyumba vya hoteli, gari la safari, miili iliyochoka kupandishwa na kushushwa ngazi za majukwaa, simu za nyumbani Kinshasa zinazoomba fedha kwa sababu jamaa wameona picha za Ulaya, na watu wanaokaa mezani usiku baada ya dansi kuhesabu. Sinema hiyo isingemfanya mtu alie. Lakini wanamuziki wa mjini hapa wangejifunza kwayo mengi kuliko ile ya kwanza.

Kwa kuwa haipo, nilifanya kitu kidogo. Juma lililofuata niliandika ukurasa mmoja nikawapelekea wale vijana watano mazoezini. Umeandikwa nani anapatana na mwenye harusi, na kwamba awe na shahidi mmoja wa bendi. Kiasi kilichopatanwa kisomwe mbele ya wote kabla ya vyombo kupakiwa garini. Nauli iwe sawa kwa kila mtu, mwimbaji na mbeba spika. Vyombo vipi ni vya nani. Na anayetaka kutoka atoe taarifa ya wiki 4, alipwe chake, na nyimbo alizotunga aondoke nazo. Nilidhani watagombania nauli. La, waligombania nyimbo. Mpiga solo alisema wimbo mmoja wanaouita wa mwimbaji ulikuwa na maneno tu, na kwamba yeye ndiye aliyeupa miguu ya kutembea. Walibishana kwa saa nzima, wakachukua magitaa kuonyeshana, na katikati ya ubishi wakaupiga wimbo huo vizuri kuliko nilivyopata kuusikia.

Watatu walitia saini. Mpiga ngoma alisema atamwuliza kwanza kaka yake. Mpiga solo ameichukua karatasi nyumbani, na Jumamosi hii wana harusi Kimironko.